Buti kuukuu za ski: utengeneze, ukodi au ununue mpya?

Jumamosi moja ya Februari, kwenye maegesho ya uwanja wa ski wa Loveland, karibu na mlango wa handaki la Eisenhower, rafiki yangu mzaliwa wa Goma alikaa nyuma ya gari, akashika buti ya kulia kwa mikono miwili, akaivuta mpaka mguu ukachomoka. Akavua na soksi. Vidole vilikuwa baridi kama samaki wa kwenye friji, na upande wa nje wa mguu, nyuma kidogo ya kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa imechubuka duara la ukubwa wa sarafu. “Dada, hapa panawaka moto,” akasema akigusa lile duara, “lakini huku mbele sisikii kitu.” Ilikuwa saa tano asubuhi. Tiketi ya lifti alikuwa ameshailipia siku nzima.

Buti hizo alizinunua dola 45 kwenye duka la mitumba hapa Aurora. Akaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na wengine kadhaa, Wakenya, Wakongo na Watanzania wenzangu tunaoishi chini ya milima hii ya Colorado na ambao watoto wetu wametuvuta kwenye theluji: azitengeneze, awe anakodi, au anunue mpya? Nitajibu kwa kirefu na kwa bei za Denver na viunga vyake, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kujijibu vibaya, na jibu hilo lilinigharimu karibu dola 400 kabla mguu wangu haujapata pa kukaa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia buti gani. Philip Boit alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998, alivaa viatu vyepesi vya ski za masafa, vile vinavyoshikwa na ubao kwenye ncha ya mbele tu huku kisigino kikiinuka kama cha mkimbiaji. Hivyo havina shida kubwa. Ninazozungumzia ni buti za kuteremkia mlima, za aina aliyovaa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alipoiwakilisha Kenya kule Pyeongchang mwaka 2018. Hizo zina gamba gumu la plastiki linalopanda hadi kwenye muundi, bizimu nne mara nyingi, mkanda mpana juu, na ndani yake kiatu kingine laini cha sponji ambacho hutoka chote kizima. Shika tofauti hiyo ya gamba na kiatu cha ndani, maana pesa yote utakayotumia au kuiokoa inapita hapo. Kiatu cha ndani huchakaa mapema na kinabadilishika. Gamba halibadilishiki saizi. Fundi anaweza kulisogeza milimita chache hapa na pale, basi.

Mtu akiumwa husema buti inabana, kwa hiyo ni ndogo. Kwa buti za mtumba, mara nyingi ni kubwa. Najua inasikika kinyume, lakini fuatilia kinachotokea. Mguu ukielea ndani ya gamba, kisigino huinuka kila unapokata kona. Unakaza bizimu. Kinainuka tena, unakaza tena. Bizimu ya juu ya mguu sasa imekandamiza mishipa ya damu na ya fahamu inayopita mgongoni mwa mguu, vidole vinakosa damu, ganzi inaingia. Hata hivyo mguu bado unateleza kwenda mbele, ukucha wa kidole gumba unagonga plastiki, na jioni umekuwa mweusi. Misuli ya wayo nayo inajikunja kutafuta pa kushika, kama vidole vinavyong'ang'ania kandambili iliyolegea wakati unavuka matope, na baada ya saa moja inakakamaa. Maumivu yote hayo, na urefu wa buti umezidi.

Kwa nini tunaangukia kwenye buti kubwa? Kwanza ni malezi. Kiatu cha shule kilinunuliwa cha kukulia, na nafasi iliyobaki mbele ikazibwa kwa pamba au gazeti; wengi wetu hatujawahi kujifunza kwamba kiatu kinapaswa kuushika mguu kila upande. Halafu ni miguu yenyewe. Mguu uliokua peku au kwenye kandambili hutanuka mbele, vidole vimepata nafasi ya kuachana, na ni mguu mzuri wenye nguvu. Buti nyingi za zamani zimetengenezwa kwa mguu mwembamba. Unajaribu saizi yako, inakubana kushoto na kulia, unapanda saizi moja. Bado. Unapanda nyingine. Upana ukitosha hatimaye, urefu umeshazidi sentimita 2. Upana haununuliwi kwa urefu. Kosa langu lilikuwa hilo, na la rafiki yangu lilikuwa hilo hilo.

Saizi za buti hizi ni urefu wa mguu kwa sentimita. Mguu wa sentimita 26.5 ni saizi 26.5, hakuna cha 42 wala 8. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa juu ya mguu huo, mtu apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha mpime kwa rula. Pimeni miguu yote miwili, kwa sababu ni nadra kulingana. Wangu mrefu ni 26.4. Buti niliyokuwa nimeinunua kwa dola 40 iliandikwa 28.5. Na kuna jambo ambalo sikuambiwa dukani: kwa kawaida 28 na 28.5 ni gamba lile lile moja, tofauti ni soli ya ndani au unene wa kiatu cha ndani. Nusu saizi kwenye lebo si nafasi ya kweli. Upana nao huandikwa kwa milimita, ukipimwa mahali mguu ulipo mpana zaidi kwenye buti ya saizi 26.5. Ukiona 98 ni nyembamba, 100 ni ya kati, 102 hadi 104 ni pana. Mimi ni 103. Nilipolijua hilo, mazungumzo yangu na wauzaji yalibadilika kabisa.

Sasa fanya jaribio lisilo na gharama, na nakuomba ulifanye kabla hujatoa hata dola moja. Fungua bizimu zote, tanua gamba, shika kiatu cha ndani upande wa kisigino ukivute juu huku ukikitikisa mpaka kitoke. Ingiza mguu wenye soksi nyembamba kwenye gamba tupu. Simama, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse plastiki kidogo tu, kunja magoti kidogo, kisha mtu aingize vidole vyake nyuma ya kisigino chako, kati ya nyama na gamba. Nafasi ya milimita 15 hadi 20, yaani kidole kimoja hadi kama kimoja na nusu, ni buti inayomfaa mtu anayetaka kuteleza kwa raha na bado auongoze ubao. Milimita 10 ni ya wanaokimbizana na saa. Ikizidi 25, buti hiyo si yako, hata kama sasa hivi inakuumiza kwa kubana. Mwanangu aliingiza vidole vitatu nyuma ya kisigino changu, akavichezesha, akaniangalia. “Mama, na cha nne kinaingia.”

Ukipata jibu kama langu, acha. Usinunue soli, usinunue sponji, usimpelekee fundi. Gamba lililozidi urefu halitengenezeki kwa bei yoyote, na mtu atakayekuambia vinginevyo anataka kukuuzia kitu.

Kipimo cha pili ni umri. Hadi miaka ya 1960 buti za ski zilikuwa za ngozi. Bob Lange, wa Dubuque katika jimbo la Iowa, ndiye aliyezigeuza kuwa za plastiki, na tangu hapo magamba mengi yametengenezwa kwa poliyurethani. Plastiki hiyo ina nguvu na inapinda vizuri, lakini ina maadui wawili ambao hawachoki, unyevu na jua. Unyevu wa hewa unaivunja taratibu kutoka ndani, hata buti ikiwa imekaa stoo bila kuvaliwa, na ndiyo maana buti inayoonekana mpya kabisa kwenye rafu ya mitumba inaweza kuwa imeshakufa. Nimeona kwa macho yangu gamba la mtu mmoja likiachana kwenye kisigino akiwa kwenye foleni ya lifti. Hakuwa ameanguka, alikanyaga tu. Zile buti zinazofunguka kwa nyuma, ambazo kampuni ya Salomon ilizipa umaarufu kwa SX90 ya mwaka 1979, bado zinapatikana kwa dola 15 au 20 na watu huzipenda kwa sababu mguu unaingia bila shida. Zilizo nyingi kati ya hizo zina miaka 30 na zaidi. Ziache zilipo.

Angalia nyufa ndogo kuzunguka misumari ya bizimu na pale gamba la juu linapoungana na la chini. Pitisha kidole: plastiki ikiacha unga kama chaki, imekwisha. Halafu geuza buti uangalie soli mbele na nyuma. Sehemu hizo ndizo zinazokaa kwenye kishikizo cha ubao, na vipimo vyake vimewekwa na viwango vya kimataifa, kama ISO 5355, ili kishikizo kiweze kuuachia mguu unapoanguka. Soli iliyolika kwa kutembezwa kwenye lami inaharibu kazi hiyo, na hapo linalohatarishwa ni goti. Baadhi ya buti zina soli zinazofunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. Kama zako ni za namna hiyo na vipuri bado vipo, vizuri. Kama sivyo, hilo nalo ni jibu.

Tuseme basi gamba lina saizi yako, halijazeeka, ila linauma. Hapo pesa ya ukarabati inafanya kazi, mradi uanze na kisicho na gharama na upande ngazi taratibu. Soksi moja nyembamba. Soksi mbili hazileti joto, zinaleta mikunjo na kubana damu, na suruali ya ndani isiingie kwenye buti kamwe. Mshono wake ukikaa juu ya muundi utaumia siku nzima bila kujua kwa nini. Kata kucha. Usilaze buti kwenye gari usiku, plastiki ya baridi ni ngumu kama bomba la maji na inaukandamiza mguu wakati wa kuingia. Ziweke ndani, karibu na miguu ya abiria, njia nzima ya barabara ya I-70 kwenda mlimani. Ukishavaa, gonga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma, funga kwanza bizimu za juu kwenye muundi huku umekunja magoti, kisha ya mgongoni mwa mguu, na ile ya vidoleni iache ishike tu. Bizimu nyingi zina mkono unaozungushwa kama skrubu, ukiuzungusha unaongeza au kupunguza milimita moja moja. Nimekutana na watu waliovaa buti misimu mitatu bila kujua kwamba mkono ule unazunguka.

Baada ya hapo ndipo pesa inaanza. Soksi nzuri za sufu za ski ni dola 20 hadi 30, na mtu mwenye jozi mbili amejitosheleza. Soli ya ndani ya kununua dukani, ile ngumu yenye kuushika mvungu wa wayo, ni dola 40 hadi 60, na kwa maoni yangu hakuna pesa inayolipa zaidi ya hiyo. Soli inayokuja na buti ni kipande cha sponji kisicho na maana. Mguu ukikosa msaada chini, mvungu unalala, mguu unarefuka na kutanuka, na kifundo kinaegemea ndani na kukwaruza gamba. Unadhani tatizo liko kwenye kifundo kumbe liko chini ya wayo. Soli inayochongwa kwa mguu wako mwenyewe na fundi ni dola 150 hadi 250. Ni nzuri, lakini ningeinunua tu kama nateleza zaidi ya siku 10 kwa mwaka, au kama mvungu wa mguu wangu umelala kabisa au umeinuka sana kiasi kwamba soli ya dukani haiufikii.

Kisha kuna kutanua gamba, kazi ninayopenda kuitazama. Fundi wa buti, ambaye si kila muuzaji wa dukani, alinikalisha kwenye benchi, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba mpaka akapata mfupa wa kifundo unaogusa plastiki. Akaupaka rangi ya mdomo. Rangi ya mdomo hasa, nyekundu. Nikaingiza mguu kwenye gamba tupu, nikasimama, nikautoa, na ndani ya gamba kukawa na doa jekundu mahali penyewe. Akalipasha moto kwa mashine ya hewa, huku akiligusa mara kwa mara kwa kiganja, hadi plastiki ilipolegea. Akaweka chombo chenye kichwa cha mviringo ndani na pete nje, akakaza polepole, akakiacha kipoe kikiwa kimekazwa. Dakika 30 kwa jumla. Gamba lilibaki na uvimbe mdogo kwa nje na mfupa wangu ukapata nyumba. Kazi hiyo ni dola 30 hadi 50 kwa kila sehemu. Fundi makini atakataa kulipasha moto gamba lililozeeka, kwa sababu linaweza kupasuka mikononi mwake, na akikataa usimkasirikie, amekuambia ukweli bure.

Ngazi ya juu ni kubadilisha kiatu cha ndani. Sponji ikishalala, nafasi inaongezeka na gamba zuri linageuka kuwa kubwa. Hapo kiatu kipya cha kufinyangwa kwa joto, kama vya Intuition ya Vancouver, kwa dola 200 hadi 300, kinaweza kukirudisha kisigino mahali pake na kuifanya buti iwe ya joto kuliko ilivyokuwa ikiwa mpya. Ila fikiria: kwa dola hizo 200 hadi 300, ongeza 100 tu na umefika kwenye buti mpya ya bei ya mwisho wa msimu. Kiatu kipya cha ndani kina maana pale tu ambapo gamba ni zuri, ni lako kweli, na lina miaka ya kuishi mbele yake.

Mimi sikufuata ngazi. Nilianza na vipande vya jeli vya dola 18, nikanunua soli ya 50, nikatanuliwa gamba pembeni kwa 40, kisha duka moja likaniuzia kiatu kipya cha ndani kwa 230 bila mtu yeyote mle kutoa kile cha zamani na kuniambia ingiza mguu tuone. Jumlisha dola 40 za buti zenyewe, ni 378. Kila malipo peke yake yalionekana madogo. Siku mbili za kwanza nilifurahi, maana sponji mpya ilikuwa imeziba nafasi. Siku ya tatu ikaanza kulala na kisigino kikaanza kuinuka. Katika dola zote hizo kilichobaki na thamani ni soli, niliyoipunguza kwa mkasi ikaingia kwenye buti nyingine. Kiatu cha ndani cha saizi 28 hakiingii kwenye gamba la 26. Bado huwa nakasirika nikikumbuka, kwa sababu jaribio la vidole nyuma ya kisigino lingemchukua muuzaji yule dakika 2.

Kukodi kunadharauliwa bila sababu. Buti peke yake hapa mjini ni dola 15 hadi 25 kwa siku, na seti nzima ya buti, mbao na fimbo ni 35 hadi 60. Mlimani bei hupanda. Buti za kukodi ni pana na laini, sponji zake zimelaliwa na watu wengi, na hazitakupa uongozi mzuri wa ubao. Lakini ukikodi mlimani kwenyewe, kando ya lifti, una haki ambayo mwenye buti yake hana: zikikuuma saa nne unarudi kuzibadilisha saa nne na nusu. Kwa anayeanza, hiyo inafidia tofauti ya bei ya mjini na mlimani mara moja. Taja urefu wa mguu wako kwa sentimita na mwambie mhudumu wazi kwamba mguu wako ni mpana lakini hutaki saizi ndefu zaidi.

Kwa watoto sibishani kabisa. Kodi msimu mzima, dola 120 hadi 200 kwa seti, na maduka mengi hukubadilishia mguu ukikua katikati ya msimu. Buti ya ski ya kukulia ni hatari kwa mtoto. Mtoto asiyeweza kuuongoza ubao huogopa, na anayeogopa kwa mwaka mmoja harudi.

Hesabu ya mtu mzima iko hivi. Ukienda siku 2 kwa mwaka, buti za kukodi kwa dola 20 zinakugharimu 40 kwa mwaka; buti mpya ya dola 350 itachukua karibu miaka 9 kujilipa, na plastiki yake itakuwa inazeeka. Kodi. Ukienda siku 6, ni dola 120, na buti hiyo imejilipa katika msimu wa tatu. Nunua. Katikati hapo, siku 3 au 4, amua kwa mguu: ukiwa na mguu wa kawaida unaokubaliana na buti za kukodi, endelea kukodi, ukiwa na mfupa unaochomoza au mguu mpana kweli, nunua mapema, kwa sababu buti ya kukodi haitanuliwi kwa ajili yako.

Buti mpya za kuanzia ni dola 300 hadi 450, za kati hadi 650, za juu 700 hadi 900 na zaidi. Sehemu kubwa ya unachoongezea ni ugumu wa gamba, unaoandikwa kwa namba kama 80, 100, 130. Namba hizo hazina kiwango kimoja, 100 ya kampuni hii si 100 ya ile, na ugumu mkubwa haumsaidii mtu mwepesi au anayejifunza, unamchosha tu. Hapa napendekeza kwa moyo wote: chagua 80 hadi 100, uweke pesa iliyobaki kwenye soli na fundi. Mtu mwenye shavu nene la mguu aulize buti ambayo sehemu yake ya juu ni fupi au inapanuka. Buti za wanawake kwa kawaida zimetengenezwa hivyo, kwa sababu shavu la mguu wa mwanamke hushuka chini zaidi. Tangu mwaka 2023 kuna buti zenye kitufe cha kuzungusha na waya wa BOA badala ya bizimu za chini. BOA ni kampuni iliyoanzia hapa hapa Colorado, kule Steamboat Springs, mwaka 2001. Waya hukumbatia mguu sawasawa, na mwenye maumivu ya mgongoni mwa mguu huona tofauti. Lakini bei huongezeka, na waya hautalifupisha gamba refu.

Mtandaoni utapata buti ile ile kwa bei ya chini. Nimeshapiga hesabu hiyo kwa kalamu. Ya dola 400 dukani niliiona mtandaoni kwa 320. Duka la mafundi lilinipa dhamana, kila kutanua gamba ni bure kwa maisha ya buti. Ukiwa na sehemu mbili za kutanua kwa dola 40 kila moja, zile 80 ulizookoa zimekwisha, na bado hujajua kama saizi ni sahihi. Weka miadi siku ya kazi, mchana, wakati duka halina watu. Nenda na soksi yako, na ukae na buti mguuni dakika 20 bila kuzivua. Buti sahihi ikiwa mpya hubana kama mtu anayekusalimia kwa mkono wenye nguvu. Vidole vinagusa mbele ukisimama wima na vinarudi nyuma ukikunja magoti. Ikiwa ni raha tupu dukani, baada ya siku 10 itakuwa kubwa.

Gharama moja hujificha. Pembeni mwa kisigino cha buti kuna namba ya milimita, ndiyo urefu wa soli ya nje. Zangu za zamani ziliandikwa 326, mpya 306. Namba ikibadilika, vishikizo vya ubao lazima virekebishwe na kupimwa na fundi, dola 30 hadi 60, na usijaribu kufanya kwa bisibisi nyumbani. Mimi nilisubiri Aprili, maduka yanapotaka rafu zao. Buti ya dola 500, saizi 26.5, upana 103, ugumu 90, niliipata kwa 349. Vishikizo 40. Jumla 389, dola 11 tu zaidi ya nilizokwisha kupoteza.

Baada ya haya yote, bado naamini mitumba. Ila naiamini kwa mtu anayejua namba zake. Kila vuli, Oktoba na Novemba, hapa Denver na Boulder kuna masoko ya ski zilizotumika, na buti ya miaka 2 au 3, iliyovaliwa mara chache na mtu aliyehama au aliyeacha, huuzwa dola 100 hadi 150. Toa kiatu cha ndani pale pale mbele ya muuzaji, ingiza mguu, pima nyuma ya kisigino. Wenye buti nzuri hawakatai.

Ganzi isiyoondoka saa kadhaa baada ya kuvua, maumivu ya moto kati ya kidole cha tatu na cha nne yanayorudi hata kwenye viatu vya kazini, au kidonda kwa mwenye kisukari, hayo si ya fundi wa buti. Nenda kwa daktari wa miguu kwanza. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiingie kwenye gamba la plastiki kabla ya kuzungumza naye.

Rafiki yangu wa Goma alikuja nyumbani Jumapili ile ile. Tukaweka karatasi kwenye sakafu ya jikoni, mwanangu akapiga alama: sentimita 25.3. Buti zake za dola 45 zilikuwa 27.5, na kwenye msumari wa bizimu ya pili, tulipoziweka chini ya taa, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Yeye huenda mlimani siku 3 kwa mwaka. Kwa hiyo akaandika namba zake nyuma ya risiti ya maziwa akaiweka kwenye pochi: 25.5, upana 102, ugumu 80, Oktoba. Mpaka wakati huo atakodi mlimani.

Machi tulirudi Loveland. Saa tano asubuhi nilishuka kwenye maegesho kumtafuta na chupa ya chai ya tangawizi, nikakuta gari lake limefungwa. Nilimwona juu, kwenye foleni ya lifti.